Kitu hakijahama, taa ndo imezimwa

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za saa hizi. Naona wengine bado mnatafuta viti, kaeni tu taratibu, mi naanza na stori manake stori haina haja ya kusubiri watu wakae.

Kuna kipindi nilipewa rekodi ya mchezo wa jukwaani niibane, yaani faili lipungue ukubwa, ipande mtandaoni. Saa moja na kitu, kamera iko kwenye stendi haitikisiki, waigizaji wanne, pazia jeusi nyuma, yaani kazi nyepesi kuliko zote. Nikaibana, nikaangalia dakika tano za mwanzo nikaona iko safi, nikatuma. Kesho yake simu inaita, mwenye kazi anauliza, sasa huku mwisho umefanya nini? Naenda mwisho naangalia. Ile sehemu ambayo taa za jukwaa zinafifia polepole mpaka giza, sekunde nne tu, picha imegeuka vigae. Uso wa mwigizaji nusu umefifia nusu bado unang'aa, halafu ghafla ile nusu nyingine inaruka nayo inakuwa giza, na pazia ambalo halijaguswa na mtu yeyote linacheza kama lina wadudu ndani.

Nikafanya kile kila mtu anafanya, nikaongeza bitireti, yaani biti za kila sekunde, mara mbili. Faili likanenepa, vigae vikapungua kidogo lakini vipo. Nikaongeza tena, vipo. Hapo ndo nikajua nampigia mbuzi gitaa, manake enkoda, yaani programu inayobana video, haikuwa na njaa ya biti, ilikuwa haielewi inachokiona. Ilikuwa inaona uso wa mtu unabadilika halafu inautafuta umehamia wapi, na uso haujahama popote, taa ndo zinazimwa.

Sasa hiyo ndo nataka tuongee leo, jinsi enkoda inavyodanganywa na mwanga, na dawa zilizopo, na kwa nini mara nyingi dawa ipo ndani ya programu yako lakini umeizima mwenyewe bila kujua kama nilivyofanya mimi.

Kwa wale ambao hawashindi na haya mambo ngoja nirudi nyuma hatua moja. Tangu H.261 ya mwaka 1988 mpaka leo hizi kodeki, yaani taratibu za kubana video, zote zina wazo moja kubwa: usitume picha nzima kila mara, tuma tofauti. Unakata fremu, yaani picha moja ya video, vipande, zamani ni bloku za pikseli 16 kwa 16, kila bloku unaiuliza, wewe kwenye fremu iliyopita ulikuwa wapi? Bloku inajibu nilikuwa pale, pikseli tatu kushoto na moja juu, hiyo safari inaitwa vekta ya mwendo. Unatuma vekta, halafu unatuma na baki, yaani kile kidogo ambacho hakikufanana. Kama utabiri ulikuwa mzuri baki ni karibu sifuri na biti zinakuwa chache sana.

Na hapo pamejificha sharti ambalo hakuna anayelitamka. Pikseli ikihama inahama na mwangaza wake. Ilikuwa 200 pale, itakuwa 200 hapa. Hata wale wa upande wa kompyuta kuona, Horn na Schunck mwaka 1981, mlinganyo wao wa mtiririko wa picha umesimama juu ya sharti hilohilo. Ni sharti zuri, siku nyingi linafanya kazi, ila taa ikizimwa linavunjika kwa bloku zote kwa pamoja, na fremu moja ya 1920 kwa 1080 ina bloku kama hizo 8160. Fikiria watu 8160 wanakuja dirishani kwako kwa wakati mmoja kila mtu analalamika kivyake, na lalamiko lao wote ni moja.

Twende karibu tuangalie bloku moja tu, ya paji la uso. Taa ikiwa kamili pikseli zake ni kama 200. Giza kwenye video ya kawaida si sifuri, ni 16, hiyo mkumbuke nitairudia. Kwa hiyo katika sekunde nne, fremu 25 kwa sekunde, ni fremu 100 za kutoka 200 mpaka 16, kila fremu paji linapoteza kama ngazi 1.84. Pazia lenyewe ni 30, lina ngazi 14 tu za kupoteza kwenye fremu zote 100. Yaani kila pikseli inashuka kwa mwendo wake, ya mwanga inashuka haraka na ya giza inashuka kwa kunyata.

Enkoda inakuja kwenye ile bloku, inasema haijahama, sawa, baki ni ngazi moja au mbili. Hiyo baki haitumwi hivihivi, inageuzwa kwanza kuwa mawimbi halafu inagawanywa kwa hatua fulani na kinachobaki chini ya hatua kinatupwa. Kwenye kodeki ya H.264 hatua inaongezeka mara mbili kila QP, ile namba ya ukali wa kubana, ikipanda 6, QP 28 hatua ni 16, QP 34 hatua ni 32. Sasa ngazi moja ya tofauti kwenye bloku ndogo ya 4 kwa 4, ukishaigeuza inatoa namba 4. Nne mbele ya hatua ya 32 ni nini? Si kitu, inatupwa. Fremu inayofuata tofauti imekuwa ngazi 2, inatoa 8, inatupwa. Ngazi 3, inatoa 12, inatupwa. Paji la uso limeganda, kwenye jukwaa lenyewe linafifia lakini kwenye video limesimama palepale, mpaka deni linafika mahali haliwezi kutupwa tena, hapo ndo linalipwa lote kwa mkupuo na bloku inaruka. Na jirani yake aliyekuwa na mwangaza tofauti kidogo deni lake linaiva siku nyingine. Huyu anaruka sasa, yule fremu mbili mbele, yule wa tatu bado kaganda. Ndo vile vigae nilivyoviona mimi, na ndo maana kuongeza bitireti kulipunguza tu bila kumaliza, hatua ilikuwa ndogo lakini mchezo ni uleule wa kuganda na kuruka.

Kuna la pili ambalo kwangu ni baya zaidi manake halionekani haraka. Enkoda inavyotafuta bloku ilikotoka inajumlisha tofauti za pikseli moja moja, popote jumla ikiwa ndogo inasema ni hapa. Sasa paji limekuwa 183 kwa sababu taa imeshuka, enkoda inaingia kwenye fremu ya nyuma kutafuta 183 na inalipata, shavuni, pale penye kivuli. Inasema haa, paji limetoka shavuni. Bloku ya shavu nayo inatafuta, inakuta inafanana na shingo. Shingo inaenda kwenye kola. Uso mzima unajengwa kwa vipande vya kuokoteza sehemu nyingine za uso uleule! Ukiwasha ile programu ya kuonyesha vekta utaona mishale inaelekea kila upande kama kuku waliotupiwa jiwe, na kamera iko kwenye stendi, na mwigizaji kasimama wima. Na hizo vekta zenyewe zinakula biti, kwa sababu kila vekta inaandikwa kwa kulinganishwa na za jirani, majirani wakikubaliana ni bei rahisi, wakigombana kila mmoja unamlipia kamili.

Dawa ya hiyo ya kutafuta ni rahisi tu na watu wa kuandika enkoda wanaijua, kabla ya kulinganisha toa wastani wa kila bloku kwanza, halafu linganisha kilichobaki, yaani linganisha umbo na uache mwangaza. Paji litarudi kwenye paji. Ila ukishaipatia bloku mahali pake bado una tofauti ya mwangaza mkononi, utaifanya nini? Hapo ndo tunakuja kwenye dawa yenyewe.

Inaitwa utabiri wenye uzito. Kwenye H.264, ile ya 2003, enkoda inaruhusiwa kumwambia dikoda, yule anayeifungua video: kabla hujaitumia fremu ya rejea, ile ya kutabiria, kila pikseli izidishe kwa namba hii halafu ongeza hii. Namba mbili tu kwa mwangaza, na mbili mbili kwa zile sehemu mbili za rangi. Kizidisho kinaandikwa kama sehemu, tuseme 29 kwa 32, na nyongeza tuseme 2. Tujaribu, na tuseme rejea iko fremu tisa hivi nyuma. Paji 200, mara 29 ni 5800, unaongeza 16 ya kusawazisha, unagawanya kwa 32, unapata 181, ongeza 2 inakuwa 183. Pazia 30, mara 29 ni 870, ongeza 16, gawanya kwa 32 ni 27, ongeza 2 ni 29. Na hesabu ya kweli ya mwanga ulioshuka kiasi hicho inatoa 182.75 na 28.69. Imelenga kote kuwili, paji limeshuka 17 na pazia limeshuka 1, kwa namba mbili zilezile, bila kumuuliza mtu yeyote kati ya wale 8160.

Hiyo nyongeza ya 2 imetoka wapi? Imetoka kwenye ile 16 niliyowaambia mkumbuke. Giza ni 16, na giza likififizwa linabaki giza, kwa hiyo kuzidisha kunatakiwa kuanzie kwenye 16 na siyo kwenye sifuri, ukiifungua hesabu inatoka nyongeza ya 16 mara (1 toa kizidisho), hapa ni 1.5, tukaipandisha 2. Rangi nazo katikati yake ni 128, kwa hiyo nyongeza ya rangi inakuwa kubwa zaidi, na HEVC ya 2013, iliyokuja baada ya H.264, wakaona kwa nini tunaandika kitu kinachojulikana, wakaiweka iwe inakadiriwa yenyewe kutoka kwenye kizidisho na wewe unaandika tu ilipokosea. Nimewahi kuona programu ya mtu mmoja, mtaalamu kabisa, amesahau nyongeza ya rangi, kila taa ikififia watu wake wanakuwa kijani kama wagonjwa wa bahari.

Kuna mtu ataniuliza, na ile gama? Manake pikseli si mwanga wenyewe, ni mwanga uliokunjwa. Bahati nzuri hapa maumbile yametuhurumia, mkunjo wenyewe ni wa kipeo, na ukizidisha kabla ya kipeo ni sawa na kuzidisha baada yake kwa namba nyingine. Mwanga ukipungua nusu pikseli hazipungui nusu, lakini zote zinapungua kwa kizidisho kimoja, na hicho ndo tunachohitaji. Kwa vitendo mkunjo wa televisheni una kipande kilichonyooka kule chini kwenye giza kwa hiyo si sawasawa kabisa, ila inatosha.

Sasa utamu wenyewe uko hapa. Kwenye H.264 kuna ile bloku ya kurukwa, enkoda inasema tu hii ipite, haina vekta haina baki, dikoda ichukue ilivyokuwa. Na bloku ya kurukwa kwenye fremu ya P, ile ambayo kila bloku inatabiriwa kwa rejea moja tu, inapitia uzito wa rejea ya kwanza kama wengine wote. Maana yake kamera ikiwa imetulia na taa zinafifia, unaandika zile namba kwenye kichwa cha slaisi, yaani kipande cha fremu, halafu karibu bloku zote unasema pita, pita, pita. Fremu nzima inafifia vizuri kwa biti za kuhesabika. Mi siku nilipoliona hilo mara ya kwanza kwenye kichambuzi nilicheka peke yangu ofisini.

Basi kwa nini rekodi yangu iliharibika wakati dawa ipo tangu 2003? Kwa sababu nilikuwa na mpangilio wangu wa zamani nilioutengeneza kwa ajili ya simu za kizamani, profaili ya beislaini (profaili ni orodha ya mbinu ambazo enkoda inaruhusiwa kutumia), na beislaini haina utabiri wenye uzito, ni kuanzia profaili ya main ndo upo. Enkoda niliyokuwa naitumia ni x264, ina kitu kinaitwa weightp, ukiweka 2 inachambua vizuri, ukichagua beislaini yenyewe inakizima kimyakimya na ina haki, manake imeambiwa isitumie. Mchawi nilikuwa mimi. Nikabadilisha profaili, nikarudisha bitireti ile ya kwanza kabisa, vigae vikaondoka.

Na hii beislaini ipo sehemu nyingi kuliko mnavyodhani. Video za kupigiana simu kwenye brauza, sharti lililoandikwa mwaka 2016 kwenye waraka wa viwango vya intaneti, RFC 7742, ni kwamba brauza iwe na kodeki ya VP8 na H.264 ya beislaini iliyobanwa, na VP8 nayo haina kitu kama hiki. Kwa hiyo ukikaa umelipa dirisha mgongo, ukisogea kidogo kamera inajirekebisha mwanga yenyewe, sura yako inapauka, halafu inaiva, halafu inapauka, na kila ikifanya hivyo unaonekana vigae kwa sekunde nzima na unaanza kulaumu mtandao. Mtandao unasingiziwa. Fungia ekspoza ya kamera kama programu inakuruhusu, au geuza kiti.

Sasa msiondoke mkidhani kizidisho na nyongeza vinamaliza kila kitu. Kwanza, kupata hizo namba. Njia ya haraka ni kuangalia mtawanyiko wa pikseli, fremu ya sasa mtawanyiko wake ugawanye kwa wa fremu ya rejea hicho ndo kizidisho, halafu nyongeza inatoka kwenye wastani. Inafanya kazi vizuri mpaka siku mtu aliyevaa shati jeupe anapita mbele ya kamera. Wastani umepanda, mtawanyiko umepanda, hesabu inasema taa imewashwa, na enkoda isiyojihoji inaongeza mwanga kwenye ukuta ambao haujabadilika hata chembe. Enkoda nzuri inachungulia mbele kwa picha ndogo iliyopunguzwa, inasahihisha mwendo kwanza, inajaribu uzito, na kama bei haijashuka inautupa. Ni kama kuku na yai hivi, ujue mwendo ndo ujue mwanga, ujue mwanga ndo ujue mwendo, na hakuna aliyelimaliza, watu wanazunguka mara mbili tatu wanaacha.

Pili ni kuwaka. Taa zikififia kizidisho ni chini ya moja, raha, unaweza kuandika kwa sehemu za 128 ukapata usahihi mzuri. Zikiwa zinawaka kizidisho kinazidi moja, na namba yenyewe mwisho wake ni 127, kwa hiyo inabidi ushuke kwenye sehemu za 64 au chini, usahihi unapungua. Halafu unazidisha giza! Fremu ya giza ina nini ndani, chenga za kamera na makosa ya ukadiriaji, ukizizidisha unapata chenga kubwa. Hapo bora utabiri kutoka mbele, fremu ya B ambayo inaruhusiwa kuangalia fremu inayokuja ambayo imeshawaka, ukaipunguza.

Na fremu za B zina uzito wao wa bure kwenye H.264, ule usioandikwa, dikoda inaukokotoa kutokana na umbali wa muda. Fremu iko robo ya njia kati ya rejea mbili, iliyo karibu inapewa 48 kwa 64 na ya mbali 16. Kama taa zinafifia kwa mstari ulionyooka hiyo inatua mahali pake bila biti hata moja. Hata picha moja inapoyeyukia kwenye nyingine, ambako kizidisho kimoja hakisaidii chochote manake una picha mbili zimechanganyika, hii ndo inayokuokoa. HEVC wakautoa wakabaki na ule unaoandikwa, na VVC ya 2020, iliyoifuata HEVC, imeleta kingine, bloku yenyewe inachagua uzito kwenye orodha ya namba tano, -2, 3, 4, 5 na 10, zote kwa 8. Hiyo hasi inashtua watu ila ipo na inafanya kazi.

Fleshi. Hapa wale wa kurekodi mikutano ya waandishi wa habari wananielewa. Fleshi inapiga, fremu moja imekuwa nyeupe, inayofuata imerudi kawaida. Enkoda mbovu inadhani ni tukio jipya, inatuma fremu nzima upya, halafu inayofuata inadhani tena ni jipya, inatuma tena. Hapo uzito si dawa kuu, dawa ni kumbukumbu. H.264 inaruhusu kuweka mpaka fremu 16 za rejea, kwa hiyo iache ile ya fleshi usiifanye rejea ya mtu, na inayofuata itabiriwe na iliyokuja kabla ya fleshi. Na kamera nyingi sa hivi zinasoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, fleshi ikipiga katikati ya kusoma unapata fremu iliyowaka nusu, juu giza chini mchana kweupe. Namba moja kwa fremu nzima haitoshi tena, labda ukate slaisi pale penye mpaka manake uzito unaandikwa kwa slaisi, sijaona mtu anayefanya hivyo kwa makusudi lakini kiwango kinaruhusu.

Kuna hili la taa za umeme napenda kulisema kila nikipewa maiki. Umeme wa Hz 50 taa zake nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni, kamera inaona. Ukirekodi fremu 30 kwa sekunde, katika sehemu ya kumi ya sekunde taa imepepesa mara 10 kamili na wewe umepiga fremu 3 kamili. Kwa hiyo fremu ya sasa mwanga wake haufanani na wa jirani yake aliyepita, unafanana na wa fremu ya tatu nyuma! Enkoda yenye rejea tatu au zaidi inagundua hilo yenyewe bila kuambiwa, inaanza kuruka jirani inachukua wa tatu. Hz 60 na fremu 25 ni hivyohivyo ila ni fremu ya tano. Ila jamani, hapa usiiachie enkoda, weka shata, yaani muda kamera inaoingiza mwanga, sekunde 1 kwa 100 au 1 kwa 50 kwenye umeme wa Hz 50 na tatizo linaisha kabla halijazaliwa.

Nimebakiza lile gumu, mwanga unaobadilika sehemu moja tu. Wingu linapita, nusu ya uwanja kivuli nusu jua. Taa ya mezani inawashwa kwenye kona. Uzito wa fremu nzima hapo ukitibu huku unaumiza kule. Kwenye H.264 kuna ujanja ambao mi naupenda sana, orodha ya rejea inaruhusu fremu ileile kuandikwa zaidi ya mara moja, kila mara na uzito wake. Rejea ya kwanza ni fremu iliyopita kama ilivyo, ya pili ni fremu hiyohiyo iliyotiwa kivuli. Bloku ya juani inachagua ya kwanza, ya kivulini ya pili, basi. Unalipa biti kidogo za kuchagua. Lakini ukingo wa wingu si mstari, mwanga unapungua taratibu, na huwezi kuandika rejea kwa kila aina ya kivuli.

Ndo wakaja na wazo la kila bloku kujitafutia. Bloku unayotaka kuijenga ina majirani juu na kushoto ambao dikoda imeshawajenga. Bloku ya rejea nayo ina majirani wake kwenye fremu ya nyuma. Linganisha majirani kwa majirani, pitisha mstari ulionyooka kati yao, unapata kizidisho na nyongeza ya mtaa ule, tumia kwa bloku. Dikoda inafanya hesabu hiyohiyo yenyewe kwa hiyo hutumi namba, unatuma bendera tu ya ndiyo au hapana. Kwenye 3D-HEVC ya 2015 ipo, kule iliwekwa kwa sababu kamera mbili zinazotazama kitu kimoja hazikubaliani mwanga hata ukiziseti vipi. Ilipofika wakati wa VVC ilijaribiwa kwenye programu ya majaribio, JEM, ikaleta faida, na bado haikuingia kwenye kiwango cha 2020.

Sababu mi nawaelewa hata kama sikufurahi. Majirani lazima wawe wamekamilika kabisa ndo uanze hesabu, kwa hiyo bloku zinasubiriana foleni, na watu wa kutengeneza chipu foleni ndo kitu wanachokiogopa kuliko vyote, wao wanataka bloku mia zijengwe kwa pamoja. Sasa imerudi tena kwenye ECM, ile programu ya kujaribu kitakachokuja baada ya VVC, tuone safari hii. Upande wa kodeki ya AV1 ya 2018 hawana hata ule uzito wa kuandika kwa fremu nzima, wana kuchanganya rejea mbili kwa umbali na kwa vinyago, yaani ramani za wapi ichukuliwe rejea ipi, na kwenye taa zinazofifia wanajitahidi kwa njia hiyo.

Muda naonyeshwa umeisha. Pale mlangoni kuna laptop yangu, nimeweka zile sekunde nne mara mbili, kushoto weightp ni 0, kulia ni 2, bitireti ni ileile. Msiangalie uso wa mwigizaji, huo kila mtu anauona. Angalieni kona ya juu kulia, pale pazia linapokunjika, mhesabu linaruka mara ngapi.